Mitungi Iliyozunguka Kerio na Nafasi Moja Melini

Mgeni rasmi, Daktari Jelagat, mkuu wa watafiti wa meli. Walimu wetu, wazazi wetu: ejok!

Karibu Lodwar. Wewe umezoea kuishi melini ukifuata mizunguko mikubwa ya maji baharini. Leo umekuja mahali ambapo mvua yenyewe ni habari ya kusimuliwa. Maswali tuliyo nayo ni mengi kuliko viti, kwa hiyo tunaomba usiwe na haraka.

TULIKOTOKA

Klabu yetu ina wanafunzi wa Lodwar na wa Kakuma. Swali lililoizaa ni la Nyagoa, aliyeingia Kakuma mgongoni mwa mamaye kutoka Sudan Kusini. Mwalimu alipotufundisha kwamba mvua yetu huanzia baharini, sisi tuliandika. Yeye aliuliza: "Na bahari inajuaje kuna upepo juu yake?" Darasa likacheka. Mwalimu aliliandika swali hilo ubaoni.

TULICHOFANYA

Bahari ni mbali, lakini ziwa tunalo. Nyagoa akasema tuyafuate maji ya Ziwa Turkana kwa mitungi ya plastiki, kila mmoja ukining'iniza gunia chini yake ili uvutwe na maji, si na upepo. Tukaiachilia Kerio, ufukweni mwa ziwa. Kufikia jioni wavuvi walikuwa wameiokoa yote.

"Mtungi mzima hivi, nani anatupa kwa maji?" mvuvi Adome alitufokea. Alikuwa na haki, huku kwetu mtungi ni mali.

"Basi tutoboe," Nyagoa akasema kwa simu kutoka Kakuma. "Tujaze ndala za zamani ndio zielee. Mtungi yenye imetoboka hakuna mtu anataka."

Ikawa hivyo. Siku chache baadaye Adome alipiga simu mwenyewe, hasira zimemwisha: "Hizi vitu zenu haziendi ng'ambo. Zinazunguka tu hapo, kama mbuzi imepoteza mtoto."

Tulipomwambia, Nyagoa alipiga kelele za furaha mpaka majirani wakaja mbio. Tangu hapo halali vizuri: je, maji baridi yanayopanda kutoka chini katikati ya mzunguko huupunguza upepo ulio juu yake? Adome anaapa kwamba ndiyo. Nyagoa anasema tupime kwanza.

KINACHOTUKWAMISHA

Mgeni rasmi, ziwa hilo Nyagoa hajaliona kwa macho yake. Kibali chake cha kutoka kambini hakikufika siku ya Kerio, na leo pia hakikufika, ndiyo maana humwoni hapa. Ulipotupa nafasi moja katika safari ya meli kutoka Mombasa, tulipiga kura, naye akashinda. Kisha tukaambiwa hana kitambulisho, tutaje mwingine kabla ya Ijumaa. Jambo hilo limetuuma sana.

OMBI LETU

Hatuombi kompyuta wala basi. Tunaomba uandike wewe mwenyewe kwamba meli inamhitaji Nyagoa, na umshikie nafasi hadi kibali na kitambulisho chake vitoke.

Anayekusomea risala hii ni Emuria, aliyekuwa wa pili katika kura. Hajawahi kupanda meli, na anaitamani mno. Ameomba asome yeye, ili ulisikie kinywani mwake: haendi.

Mungu awalinde wote walio melini, awajalie mawimbi ya kadiri na mizunguko ya kutosha.

Ni sisi wanao,
Klabu ya Upepo na Maji, Lodwar na Kakuma