Dakika Arobaini za Vaileth

Kijiwe chetu kipo Mikumi, pale njia ya Kilosa inapoachana na barabara kuu, mbele ya banda la Melkizedek, fundi baiskeli tunayemwita Injinia. Jana kahawa ilinyweka kwa hasira. Vaileth, binti kutoka kijiji cha Zombo anayeishi hapa kwa shangazi yake, alikuwa amefeli mtihani wa HTML, ile lugha ya kutengenezea kurasa za mtandao. Walipewa dakika arobaini watengeneze ukurasa wa hoteli: kichwa, picha ya twiga, orodha ya vyumba na kitufe cha kuwekea nafasi. Wa kwanza kumaliza anaajiriwa na kampuni ya watalii. Wiki tatu nzima Vaileth alijifua kwenye kompyuta kuukuu ya Ashrafu, mwenye steshenari, na Ashrafu mwenyewe akimshikia saa. Kazi ile tulishampa mioyoni mwetu. Kusikia kaikosa, mimi binafsi nilitaka kupigana na mtu.

Ashrafu: Dakika thelathini na mbili! Juzi tu, saa nimeshika mimi! Arobaini zimemshindaje?

Injinia: Saa yao mbovu.

Ashrafu: Mbovu wapi? Imechezewa! Mtu kausogeza mshale wakati watoto wameinama.

Injinia: Basi wale vijana wa Morogoro mjini aliofanya nao mtihani walikuja na ukurasa tayari kwenye flashi.

Mimi: Umeiona hiyo flashi?

Injinia: Niione ya nini? Mtu anachapa bila kuangalia vidole! Huyo katoka nao nyumbani.

Hapo akaingilia Lazaro, tunayemwita Kamati kwa sababu hakuna kamati mtaa huu asiyokuwemo. Siku ya mtihani alialikwa ukumbini kama mgeni, akaenda na koti lake la harusi.

Kamati: Nyie mnasimuliwa, mimi nilikuwepo. Yule binti hakutulia kwenye kiti. Anakaa, anasimama, anakaa, anasimama. Karogwa yule.

Ashrafu: Na nani?

Kamati: Na kompyuta! Zile zimetoka ng'ambo. Zinamjua mtu wa shamba kwa joto la vidole. Zikikushtukia tu, zinakukata dakika.

Injinia: Ee, hata simu yangu huwa inanifanyia hivyo.

Mimi: Acheni upuuzi! Mtoto kaonewa! Leteni karatasi, tuandike barua ya malalamiko, kila mtu atie sahihi!

Tulikuwa tunagombania kalamu Vaileth alipotokea, macho mekundu, mkoba begani.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukaitikia wote.

Ashrafu: Sema, mwanangu. Saa waliichezea?

— Hapana, mjomba. Saa ilikuwa nzima.

Ashrafu: Sasa nini?

— Mlango. Ulifunguliwa mara sita. Akaja mgeni rasmi, akaja mchungaji, akaja mwenyekiti, wakafuata na wengine, kila mmoja kwa wakati wake. Mkubwa akiingia nasimama, natoa shikamoo, nangoja aitikie ndipo nikae. Wale wa mjini waliendelea kuchapa. Muda umeisha nimebakiza kitufe tu.

Kamati akakohoa. Vaileth akamgeukia, sauti ya chini ileile.

— Na wewe, mzee Lazaro, ulisimama kabisa mezani kwangu. Ukaniuliza habari za mama, za mahindi, za bibi aliyelazwa. Na baba ukamuulizia mara mbili.

Kamati: Si salamu tu, binti yangu?

Hasira zangu zote zikamhamia Kamati. Nilitamani nilivue lile koti lake la harusi nilitupe barabarani, na nadhani Ashrafu alitamani hivyohivyo, maana aliruka wima.

Ashrafu: Na wewe Vaileth, kilichokusimamisha nini? Ungekaa! Ungemwitikia umekaa, vidole vinaendelea na kazi!

Vaileth alimtazama, halafu akatutazama sote, mmoja mmoja.

— Ningefanya hivyo, leo hapa mngekuwa mnanisemaje?

Injinia akaokota spana akaanza kukaza nati ambayo haikuwa imelegea. Ashrafu akakaa. Vaileth alingoja kidogo, kwa adabu, kama mtu anayeamini atajibiwa. Kisha akatuaga, akavuka barabara kwenda kituoni kupanda gari la Zombo.