Kumi na Wanne Langoni kwa Gibson

Benchi letu liko Manga, mbele ya kibanda cha Mama Lavender, hatua chache kutoka kituo cha kupimia majani chai. Ukitaka kutupata, njoo baada ya kuchuma, tukingoja lori. Kwingine watu wa vijiweni hunywa kahawa. Sisi tunakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, maana mtu anayelima chai halafu anunue kahawa ana lake jambo. Mimi wananiita Karani kwa sababu niliwahi kushika mizani pale kituoni miezi mitatu. Kuna Onyancha, ambaye tunamwita Daktari: alifagia zahanati miaka sita, na maneno ya huko yakamwingia puani pamoja na vumbi. Kuna Abner, Spika wetu, ambaye hutoa ruhusa ya kusema kisha akasema mwenyewe. Wa nne alikuwa Gibson. Lakini Gibson ana saratani ya damu tangu Machi, na Jumanne hii ninayosimulia tulikuwa tumekaa tunamsengenya.

Kisa chenyewe ni hiki. Gibson alikuwa amelazwa mbali mara mbili, akipewa dawa za dripu, kisha akaruhusiwa nyumbani hadi Jumatatu inayokuja, arudi kwa mara ya tatu. Sabato iliyopita, baada ya ibada, tulifanya kama watu wetu wanavyofanya mgonjwa akirudi. Tulijikusanya, tukabeba ndizi na kuku, tukapanda kilima tukiimba. Tulikuwa kumi na wanne. Kwetu mgonjwa huamkuliwa kwa mkono, mmoja mmoja, kisha mnamzunguka na kumwombea kwa sauti. Tukakuta lango limefungwa kwa kamba. Emily, mkewe, akasimama hatua kumi hivi kutoka kwetu, barakoa usoni. Akashukuru. Akasema dawa zimeshusha kinga ya mwili wa mumewe, daktari amekataza watu, na akishikwa na homa kabla ya Jumatatu hatapewa hiyo dawa ya tatu, na ugonjwa hautamngoja. Akatuomba tuweke kuku chini, turudi. Tulirudi na kuku, akaliwa kwa Abner.

— Niko na miaka sitini na moja, Spika alisema, sijawahi kufungiwa lango na bibi ya mtu.

— Mficha uchi hazai, Daktari akamjibu.

Nikamwuliza uchi umeingiaje hapo. Akasema niachane naye, methali haiulizwi maswali.

Spika akafungua kikao rasmi kwa kugonga kikombe kwa kijiko. Kwa maoni yake, Emily alikuwa ameharibiwa na hospitali kubwa. Mtu akikaa na madaktari wiki mbili tatu anaanza kuona majirani ni uchafu. Alisema tulikwenda kumi na wanne kwa sababu haba na haba hujaza kibaba, na kwamba baba yake mwenyewe alipougua kifua nyumba ilijaa watu mpaka wengine wakalala jikoni, na hakuna aliyefukuzwa. Mama Lavender, akiwa anamimina chai, akauliza kama huyo baba alipona. Spika akasema hilo halimo kwenye ajenda.

Daktari alikuwa na yake. Alitueleza kwamba ndani ya damu kuna askari weupe, na ugonjwa huu ni askari kuasi. Mpaka hapo nilitaka kumwamini, maana alisema vizuri. Lakini akaendelea.

— Sasa huko wamemwekea damu ya watu wengine. Chupa mingi. Unajua ni ya nani? Hujui. Inaweza kuwa ya mtu wa mbali kabisa. Mimi nafikiri Gibson ameamka siku moja akaanza kuongea lugha hatujui. Ekegusii yetu imeisha ndani yake. Ndio maana wanamficha.

— Hiyo haiwezekani, nikasema.

— Karani, wewe ulipima majani. Damu hukupima.

Nami, badala ya kunyamaza, nikachangia. Sitajificha, nilichangia. Nilisema majani ya Emily hayajafika kituoni wiki tatu, na kwamba mwenye mgonjwa kweli anahitaji pesa, hawezi kuacha majani yakomae shambani, kwa hiyo labda mgonjwa hayumo. Niliitupa tu hivyo, kama mtu anayetupia kuku punje. Spika akaidaka. Dakika tano baadaye Gibson alikuwa amehamishwa kwa siri, yuko Nyansiongo kwa mjomba wake, anakunywa maziwa ya asubuhi, na Emily analinda nyumba tupu ili tusijue. Tulipofika hapo hata Daktari alitikisa kichwa, ingawa nadhani alikuwa na wivu kwamba ya Spika imeipita yake.

— Huyo mama alisema homa, Mama Lavender akasema. Mimi nilikuwa mstari wa mbele. Alisema mtu wake asipate homa.

Hakuna aliyempa ruhusa ya kuendelea, akarudi kwenye sufuria.

Hapo ndipo bodaboda iliposimama, akashuka mwanamke wa makamo mwenye mkoba wa kitambaa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akatusalimu kwa Kiswahili, nasi tukajua si wa hapa. Akauliza kwa Gibson ni wapi. Spika hakumjibu. Alimkaribisha chai na kumwuliza yeye ni nani kwa Gibson, maana siku hizi huko juu watu hawaingii ovyo. Mwanamke akakaa ukingoni mwa benchi, mahali pa Gibson, bila kujua.

Alisema anaitwa Christabel, kwao ni upande wa ziwa, na anauza nguo Kisii mjini. Mumewe, Ombok, aliugua ugonjwa huo huo miaka minne iliyopita. Walikuwa hawamjui mtu yeyote mwenye shida kama yao. Sasa wako watu ishirini na kitu, wenye wagonjwa na waliopona na waliofiwa, wanakutana mara moja kwa mwezi kwenye ukumbi wa kanisa mjini, na katikati ya mwezi wanapigiana simu. Mmoja anajua chakula gani mgonjwa anaweza kumeza, mwingine anajua wapi pa kutafuta watu wa kutoa damu, mwingine anajua tu kusikiliza. Emily alipata namba yake wodini.

— Na mzee wako? Daktari akauliza kwa sauti ya chini. Alikufa?

— Ombok anafundisha. Aliyeanguka ni mimi. Yeye alikuwa anaanza kupata nguvu, mimi nikaanguka sokoni kwa uchovu, na nguo zangu.

Akanywa chai, akaisifu, kisha akaendelea bila kuulizwa.

— Jana Emily alinipigia simu. Alikuwa ananitajia kipimajoto kimesoma ngapi usiku kucha, saa kwa saa, maana homa ikianza lazima mgonjwa akimbizwe hospitali mara moja. Katikati ya kutaja akanyamaza. Nikadhani ni netiwaki. Nikaita, nikaita. Halafu nikasikia anakoroma.

Daktari alicheka, lakini cheko lilimkatikia njiani.

— Sasa wazee wangu, nyinyi ndio majirani, niwaulize. Huyu Emily hulala saa ngapi?

Nimekaa benchi hilo miaka kumi na mmoja. Tumejibu hapo maswali ya serikali, ya bei ya majani, ya siku ya mwisho wa dunia. Hilo lilipita kwa Spika, likapita kwa Daktari, likafika kwangu. Nilijitafutia sababu. Nilijiambia kwamba kwa mila zetu mwanamume hapigi simu kwa mke wa mwenzake. Ni chinsoni, ile heshima ambayo tumezaliwa nayo. Namba tuliyokuwa nayo ni ya Gibson, na ya Gibson imezimwa. Sababu ilikuwa nzuri. Lakini wake zetu nao hatukuwatuma, na kutoka benchi mpaka kwa Gibson kwa mguu hazifiki dakika kumi na tano.

Spika akakohoa kusafisha koo. Akasema jambo hili ni zito na Sabato hii atalifikisha kwa kamati ya kanisa, iundwe kamati ndogo.

— Mimi narudi mjini jioni, Christabel akasema. Anahitaji mtu mmoja. Asiwe na mafua wala kikohozi. Anawe mikono kwa sabuni, avae barakoa, akae mlangoni. Kila saa asome kipimajoto. Kikifika thelathini na nane amwamshe Emily. Ni hayo tu. Mtu mmoja, saa tatu au nne, mama alale.

Mtu mmoja. Nasi tulikuwa tumempelekea kumi na wanne, na tukakasirika alipotukataa. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Daktari akasema yeye kifua chake kinajulikana, na ni kweli, usiku anasikika mpaka kwa jirani yake Mokua. Spika alikuwa bado anatafuta majina ya kamati. Mama Lavender alichukua kikombe changu kabla sijakimaliza, akaweka kipande cha sabuni mbele yangu.

Sitaki mtu anisifu. Sikusimama kwa wema, nilisimama kwa aibu. Nikamwambia Spika awe mwanaume mara moja, aangalie gunia langu lori likija, na hasa aangalie mizani. Nikanawa mpaka viwiko. Christabel akanipa barakoa kutoka mkobani, tukapanda kilima, mimi mbele yeye nyuma, bila wimbo.

Emily alitutazama kutoka kwenye uzio kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kutazamwa. Alikuwa amekonda kuliko nilivyotarajia mgonjwa awe. Christabel akazungumza naye pembeni, kisha tukaingia. Gibson alikuwa kitandani karibu na dirisha lililo wazi, kichwa hakina hata unywele mmoja, macho yake ni yale yale ya kutafuta neno la kuchokoza. Sikumpa mkono. Ilinigharimu kutompa. Nikavuta kigoda hadi mlangoni.

Emily akaketi kwenye kiti akaanza kunielekeza. Kipimajoto ni hiki. Dawa hii ni ya saa sita. Maji haya yamechemshwa, yale hayajachemshwa. Akipiga chafya. Akisema anahisi baridi. Nilikuwa nashika neno kwa neno, kama siku yangu ya kwanza kwenye mizani, na nilipogeuka kumwuliza kitufe kinabonyezwa wapi, alikuwa amelala, kichwa ukutani, viatu miguuni.

Nikainuka nimwamshe aniambie. Gibson akainua kidole.

— Mwache, alininong'oneza. Cha kubonyeza nitakuonyesha mimi.