Mama Pole na Kiwiko cha Mwenyekiti

Kwa masikitiko makubwa, uongozi unawaarifu wanachama wote kwamba ule ufagio wa barazani umerudi kwenye kazi yake ya asili: kufagia.

Sababu ni moja. Baada ya miaka ishirini na sita, mkandaji wa klabu yetu ya gofu, tunayemwita Mama Pole, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Ufagio huo ndio aliomshikisha kila mchezaji asubuhi, auzungushe taratibu kulia na kushoto mpaka misuli ipate moto, ndipo aguse fimbo. Mgeni mmoja alidhani ni adhabu ya kuchelewa. Akaomba radhi, akazungusha.

Jina alilipatia kazini. Ukiingia umepinda mgongo, alikupa pole kwanza, kisha akakukanda mpaka ukayatamani maumivu uliyokuja nayo. Wote tulikuwa wajomba na mashemeji zake. "Mjomba, hiyo ni fimbo, si kuku, ya nini kuinyonga?" aliwauliza wenye vifundo vya mikono vilivyovimba. Waliopiga kwa nguvu za mgongo mtupu aliwakumbusha kuwa Mungu amewapa nyonga, nazo zinageuka. Waliobeba begi bega lilelile maisha yote aliwatambua kwa vivuli vyao. Na mpira uokotwe kwa kukunja magoti. Mbishi akikwama ameinama, shauri yake.

Lakini kisa chake kikubwa ni kiwiko cha mwenyekiti. Wiki ya shindano kuu kiwiko kiligoma hata kuinua kikombe cha chai, na bado mzee akang'ang'ania kucheza. Mama Pole akazifungia fimbo za mzee kwenye kabati la taulo, ufunguo akautia ndani ya blauzi, mahali ambapo kamati yoyote isingethubutu kuundia tume. Mwenyekiti akaapa kumfukuza kazi. Mama akamwambia apumzike, kisha maumivu yakipungua awe anakamua taulo taratibu kila jioni. Mwakani kiwiko kikiuma, yeye Mama atafungasha virago mwenyewe bila kufukuzwa.

Mwaka ukapita, shindano kuu likarudi. Tukamwandama mwenyekiti shimo kwa shimo, tukitazama mkono badala ya mpira. Mama Pole alitembea nyuma yetu. Baada ya shimo la mwisho mwenyekiti akaukunja mkono, akaukunjua, akayatafuta maumivu kwa bidii. Hakuyapata. Virago vikabaki.

Mama Pole, ahsante kwa kila pole na kila kilio. Tunakuombea siku tulivu, viungo laini na wajukuu wasiojua gofu. Zawadi utakabidhiwa na mwenyekiti, kwa mkono uleule uliocheza mashimo yote kumi na nane bila kuuma.

Mwenyekiti alishika nafasi ya mwisho.