Cherehani Iliyoshika Rivasi

Mbele ya duka la fundi Msellem, Malindi mjini, palikuwa na ubao juu ya mawe mawili, na wenyewe waliuita Bunge. Mwaka ule wa themanini na sita, Msellem alikuwa mbunge kwa lazima. Lori la mawe lilimbana ukutani likamvunja miguu yote miwili, akalala hospitali hata mvua zikaja zikaenda. Magongo alikwisha kuyatupa, sasa akichechemea na bakora. Kila alasiri akifungua mlango wa duka, kisha akaketi nje, kwani kila akikanyaga cherehani, gurudumu lilirudi nyuma na uzi ukakatika. Tumu, mkewe, alishasema lake: cherehani isiyoshona ni meza tu, na nduguye wa Mambrui aitaka. Na kesho ndiyo siku ya kuja kuichukua.

Kahawa ilipomiminwa, wa kwanza kusema alikuwa Kavumbi, mtu wa Ganze, aliyelazwa mara moja kwa malaria akatoka akiitwa Daktari.

— Kosa ni la plasta. Samaki mkunje angali mbichi. Hiyo miguu imekaushwa, leo waikunjaje?

— Kukunjika yakunjika, Msellem akasema. Hainisikii tu.

Saad, ambaye kwa habari zake waliwahi kumpachika jina la Redio, akatikisa kichwa kwa huruma ya mjuzi. Mguuni mwa Msellem mmetiwa chuma, si uongo? Na cherehani ni chuma. Basi ni sumaku.

— Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, akamaliza. Chuma chamvuta nduguye.

Daktari hakubali neno bila vipimo. Akachomoa sindano kwenye kola ya Msellem, akaisogeza kwenye muundi wake. Sindano ikaanguka chini, wakaitafuta mchangani wote watatu huku kahawa ikipoa. Redio akaeleza kwamba alasiri sumaku hulala.

Ndipo Daktari akauliza, taratibu kama hakimu:

— Lile lori lilikujia kwa uso au kwa mgongo?

— Kwa mgongo. Dereva alikuwa akirudi nyuma.

Daktari akaweka kikombe chini.

— Basi mwataka nini tena? Miguu imepigwa na rivasi, imeshika rivasi.

Hapo Bunge likapata uhai. Redio akaapa wallahi hilo halijapata kusemwa hata Nairobi. Kilichobaki ni tiba, na tiba ni moja: dawa ya moto ni moto. Dereva atafutwe, aje na lori lilelile, amgonge tena Msellem, ila mara hii akienda mbele. Wakabishana kama lori liwe na mawe au liwe tupu. Daktari akaona tupu latosha kwa kuanzia.

Msellem alicheka hata machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko akahisi uchungu, kwani yeye alijua. Mguu haukuwa na rivasi wala sumaku. Kila alipokanyaga, moyo ulimruka, akauondoa kabla gurudumu halijamaliza mzunguko, nalo likarudi lilikotoka. Ni woga, basi. Na mtu mzima atawaambiaje wenzake kwamba aogopa kikanyagio?

Akatokea mwanamke akitoka upande wa sokoni, kitambaa kimekunjwa kwapani, akawaamkia wote kwa adabu. Akasema yeye ni Kache, amehamia juzi kutoka Jilore, na hajui mafundi wa mji huu. Akautazama mlango ulio wazi, akawatazama wanaume watatu ubaoni.

— Fundi ni yupi kwenu? Na je, amefungua?

Redio, mtu wa habari zote, akachungulia kikombeni mwake. Daktari akajikuna goti. Msellem alikumbuka kwamba hata Tumu hakumwuliza hivyo tangu atoke hospitali. Watu wote humwuliza habari za mguu.

— Nimefungua, akasema.

Akajikokota ndani. Akaketi, akaweka mguu, akakanyaga. Gurudumu likarudi nyuma na uzi ukakatika, na pale nje kila mtu akausikia.

— Pole, fundi, Kache akasema. Akaingia, akavuta kigoda cha wateja, akakaa kungoja.

Msellem akalowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akatunga sindano tena.