Sahani ya Buluu Niliyomtengea Ndugu Yangu

Ashukuriwe Mwenyezi Mungu, anayetupa maradhi na akatupa na muda wa kutubu! Rehema na amani zimshukie Mtume wetu. Ndugu zangu, assalamu alaykum. Mimi ni mzee wa mji wa Birkat al Mauz, mwalimu mstaafu, na imamu wetu akisafiri mimi ndiye ninayesalisha. Ninayoyasema leo yananitia haya, lakini kuyaficha nimeona ni kubaya zaidi.

Mdogo wangu Seif anaishi Ulaya. Kwa miaka mingi matumbo yake huvimba na kutoa damu. Daktari wake wa huko, pamoja na dawa nyingine, alimwandikia mafuta yaliyotengenezwa kwa bangi, matone machache chini ya ulimi, maumivu yapungue apate kulala. Sheria yao inaruhusu. Alipokuja kututembelea aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa.

"Nimeyaacha huko, kaka. Sheria ya hapa naijua. Nitavumilia."

Ndugu zangu, mtu kaniambia kweli, kaacha dawa yake kwa kuiheshimu nchi yetu, nami nikamlipa nini? Mchana lilipoletwa sinia la wali, sote tukalizunguka, nikamtengea Seif sahani ya peke yake. Sahani ya bati, ya buluu. Nikaiweka karibu na mlango. Nikasema mkono wa mla bangi hauingii katika sinia langu. Nikayasema hayo mbele ya wanangu!

Mama yetu alikuwa hai, macho yake yamekwisha nuru. Akauliza, "Mbona Seif simsikii hapa? Kakaa wapi?"

Nikamjibu, "Ana chakula chake cha kigonjwa, mama."

Nilimdanganya mama yangu ili nionekane mcha Mungu.

Siku ya nne Seif akaondoka. Mwaka uliofuata mama akalala kitandani, kila siku akimtaja. Nikampigia Seif simu aje amwone. Alilia sana, kisha akaniuliza, "Nitakula wapi, kaka?" Ningeweza kusema, "Utakula na mimi." Kiburi kikanifunga mdomo. Hakuja, na mama akafariki akimwita.

Kisha zamu ikawa yangu. Baridi yabisi ilinishika vidole na magoti, hata vishikizo vya kanzu vikanishinda, na rukuu ikawa mateso. Daktari wa viungo katika hospitali ya mji wa Nizwa alinianzishia dawa ya kutuliza uvimbe, na kwa wiki zile za mwanzo akaniongezea vidonge vya maumivu. Vya kwanza alinichukulia mwanangu; nilipokwenda mwenyewe kuchukua vingine, binti wa dirisha la dawa akanitaka nitie saini.

"Saini ya nini, binti yangu?"

"Vina asili ya afyuni, mzee. Havitolewi ovyo."

Nilikaa kitini, nikahesabu siku. Siku tano nilikuwa navimeza, na siku hizo hizo nikisimama mbele ya watu kusalisha! Wala hakuna aliyenitengea sahani.

Nikarudi kwa daktari, nikamuuliza habari ya mafuta ya bangi. Hakunificha. Hapa kwetu ni marufuku, akasema, na mtu asithubutu kuyaingiza. Kwingine madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa, na wapo wanaopata nafuu ya maumivu, lakini haijathibitika kwamba yanauzima uvimbe wenyewe. "Ndiyo maana mgonjwa haachi dawa zake za uvimbe," akasema. Seif hakuziacha hata siku moja. Mimi ndiye niliyehukumu nisichokijua.

Pale pale barazani mwa hospitali nikampigia. "Seif, nisamehe. Utakula na mimi."

Akasema, "Umechelewa, kaka. Lakini nitakuja."

Alikuja baada ya Idi. Lilipoletwa sinia akasimama mlangoni, akatazama huku na huku. "Na ile yangu ya buluu iko wapi? Au kaka unailia wewe siku hizi?" Watu wakacheka. Nami nilicheka, machozi yananitoka. Nikamketisha ubavuni kwangu, kwa vidole hivi vilivyopinda nikamchambulia nyama, nikamsogezea upande wake.

Alhamdulillahi, Mungu kaniokoa na moyo wangu! Ila mahali pa mama palikuwa patupu, na ule uongo sina tena wa kumwomba radhi. Ndugu zangu, kama kuna mtu umemweka mlangoni, mwite leo, na mengine mtegemee Mola.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuafu mwilini, akulainishe moyo, na akukutanishe na wako wote kwenye sinia moja, hapa duniani na huko kwake. Amin.