Barabara Niliyosema Ni Yangu

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliojaa huko nyuma, Mungu amekuwa mwema mpaka tumeonana tena. Mchungaji aliniambia nisimame niseme kitu kidogo. Si kidogo, Mchungaji. Unisamehe nikipitisha muda.

Wengi wenu mnanijua. Natengeneza simu pale Ruring'u, kibanda cha bluu. Na wengi wenu mnakumbuka ile Jumapili niliitwa hapa mbele, mkaambiwa huyu ndiye kijana wetu aliyesikika kwa redio, yule ametengeneza barabara ya kutoka Kenol mpaka Nyeri ndani ya kompyuta. Mlinipigia makofi. Mama mmoja hapa alipiga vigelegele, namuona amekaa palepale. Mama, ile barabara haikuwa yangu.

Wacha nianze mwanzo ili mtu asipotee.

Kuna mchezo wa simu wa kuendesha mabasi. Unapewa basi, unapewa barabara, unabeba abiria, unafika au hufiki. Wazee wanacheka, lakini si nyinyi huwa mnatazama mpira? Sawa basi. Mchezo huo ulikuja na barabara za ng'ambo, miji hatujawahi kuiona. Mimi nilikuwa najua kupaka yale mabasi rangi kama za mabasi yetu ya huku, na maandishi ubavuni, na picha kwa kioo cha nyuma. Nikafungua grupu kwa simu, nikaiita Madereva wa Mlima. Tulianza watu kumi na mmoja. Kulikuwa na muuza nguo wa Karatina, mwalimu wa Chuka, wasichana wawili wa chuo, na mzee mmoja mkulima wa kahawa aliyekuwa akicheza mvua ikinyesha.

Ndugu zangu, nawaambia tulikuwa tunapendana. Mtu akifiwa tunamtumia pole. Tulipanga safari, mabasi kumi yanafuatana kwa simu za watu kumi, kila mtu kwake, tunapigiana honi. Tukawa hamsini, tukawa mia, tukapita mia tatu. Na mimi ndiye nilikuwa admini, msimamizi wa grupu. Nikisema kitu, kimesemwa.

Siku moja akaingia mtu wa Doldol, kule kaskazini ya mlima. Sitasema jina lake. Nitamwita Dereva, kwa sababu alikuwa dereva kweli, wa gari la abiria, kabla mguu wake wa kulia uharibike. Haongei sana. Lakini mtu akikwama, ati basi linazama kwa lami, ati mchezo umejizima, yeye ndiye anamfundisha, polepole, bila kumcheka. Sasa naona yeye ndiye alikuwa anashikilia lile grupu. Mimi nilikuwa na jina tu.

Akanitumia ujumbe peke yangu. "Admini, nimetengeneza kitu. Nimefanya karibu mwaka. Angalia kama iko sawa kabla nipelekee watu."

Nikafungua. Ilikuwa barabara yetu. Kenol, Makutano, Sagana, Karatina, mpaka Nyeri. Na si hii pana ya sasa. Ilikuwa ile ya zamani, nyembamba, kabla tingatinga zije. Wauza ndizi walikuwa pale walipokuwa wakisimama, mikaratusi ipo, yale mabango ya wauza mawe ya makaburi yapo, kila kona iko vile tuliijua. Kuna kona moja kabla ya daraja alikuwa ameweka msalaba mdogo mweupe kando. Niliuona, nikaupita. Sikuuliza.

Niliituma kwa grupu siku hiyohiyo. Niliandika, "Madereva wa Mlima tunawaletea barabara ya nyumbani." Tunawaletea. Sikudanganya bado, si ndiyo? Watu wakalipuka. "Admini wewe ni hatari!" "Admini umeniliza, hapo ndipo tulikuwa tunanunua ndizi na babangu." Sifa zinaingia mpaka simu ikapata moto mkononi. Nikasoma zote. Sikuandika, "Si mimi." Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake mtu akauliza imenichukua muda gani, nikajibu, "Karibu mwaka."

Hapo ndipo nilianguka, ndugu zangu. Maneno mawili tu.

Redio ikaja. Nikaongea nusu saa. Niliulizwa nilikumbukaje kona zote, nikasema ni mapenzi ya kwetu. Kisha nikaja hapa kanisani, mkanipokea vile mlinipokea.

Dereva aliniandikia tu mara moja. "Ndugu, nimekuskia kwa redio. Sitaki makuu. Waambie tu ni mimi." Ningekuwa mtu ningesema. Nilikuwa nimeogopa. Nilimtoa kwa grupu. Na kwa sababu nilijua watu watauliza amepotelea wapi, niliandika kwamba alitaka kuiba barabara yetu aseme ni yake.

Mimi ndiye nilimwita mwizi. Watu mia tatu wakamtukana. Walimfuata kwa simu yake wakamtukana huko. Wakamwita kiwete, kwa sababu niliwahi kuwaambia habari ya mguu wake. Hakujibu hata mtu mmoja.

Mimi nilidhani yameisha. Lakini mchezo ulibadilishwa na wenyewe, ukaja mpya, na ile barabara yetu ikakataa kukaa vizuri. Ukifika ile kona kabla ya daraja, lami inafunguka, basi linaanguka mahali hapana chini. Watu wakaanza, "Admini, tutengenezee." Nikasema niko na kazi nyingi. Wakangoja. Nikasema kompyuta imeharibika. Mwalimu wa Chuka akaniuliza mbele ya wote, kwa adabu sana, "Admini, si wewe uliitengeneza?" Nilimtoa pia.

Basi watu wakaanza kuondoka. Kila ukifungua simu, fulani ametoka, fulani ametoka. Waliobaki hawaendeshi, wanatuma salamu za asubuhi zenye maua. Mwishowe mtu akawa anauza vifaranga mle ndani, na hakuna aliyemkataza. Grupu letu lilikufa hivyo, bila hata mtu kusema kwaheri.

Lakini jina langu lilikuwa bado linatembea. Mwalimu wa shule moja hapa karibu alikuwa amenisikia redioni, akaniita nije niongee na wanafunzi juu ya vipawa. Nikaenda. Nilivaa suti. Niliongea vizuri, nikachekesha, mpaka msichana mmoja akainua mkono.

"Kwa nini uliweka msalaba mweupe kwa ile kona?"

Sikujua. Nilikuwa sijui! Lakini mdomo ulikuwa umeshazoea. Nikamwambia, "Nilitaka kuwakumbuka wote waliopotea barabarani."

Yule mtoto akatoka mbio. Nikadhani ameenda msalani. Akarudi amemshika mama yake mkono. Mama huyo anapika hapo shuleni, alikuja na aproni imelowa maji. Akasimama mbele yangu, mbele ya darasa lote, akashika mikono yangu miwili.

"Bwana yangu aliishia hapo," akasema. "Tuliweka msalaba yetu, barabara ikapanuliwa, tingatinga ikaiondoa. Hata kona yenyewe haiko. Nikipita sijui nitazame wapi. Huyu mtoto akanionyesha kwa simu, kabla mchezo ubadilishwe. Nimeangalia mara nyingi. Asante kwa kumkumbuka. Mungu akuweke."

Nikasema, "Usijali, mama."

Ndugu zangu, nimekuja kusema yote. Alinipeleka jikoni, akanipakulia githeri ya mahindi na maharagwe, akaongeza parachichi, akasimama hapo kuhakikisha nimeshiba. Na mimi nikala.

Nilifika nyumbani nikiwa mgonjwa. Mke wangu akauliza shule ilikuwaje, na nikamwambia. Si ya shule tu, yote, tangu ujumbe wa kwanza. Alikuwa anachambua mboga. Akaacha. Nikadhani ataniuliza habari ya Dereva, au ya redio, au aibu yake yeye kwa akina mama wenzake. Akasema, "Na ukakula chakula yake?"

Nikasema ndiyo.

"Baba watoto, kesho fungua kibanda kama unataka. Lakini mimi ningeenda Doldol."

Sikufungua kibanda.

Dereva nilimpata kando ya soko la mifugo. Ana duka dogo la kutoa fotokopi, kompyuta moja kuukuu, na mkongojo umeegemea ukuta. Kulikuwa na mzee anatolewa nakala ya kitambulisho. Nilisimama nyuma yake kama mteja. Zamu yangu ilipofika nikamwamkia, na hakuniangalia usoni. Alisema, "Hiyo sauti naijua. Nimeiskia kwa redio."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yakaisha. Nikasema, "Nilikuibia, na nikakuita mwizi."

"Najua," akasema. "Nilikuwa huko."

Hakunipa kiti. Nikamweleza habari ya msichana na mama yake, na vile yule mama alivyonishika mikono. Hapo ndipo aliniangalia. Akaketi.

Akaniambia yeye ndiye alikuwa dereva siku ya ajali hiyo. Mvua ilikuwa inanyesha, tairi ikapasuka penye kona, gari likalala ubavu. Abiria wote walitoka na majeraha, isipokuwa mmoja aliyeketi kiti cha mbele, aliyekufa palepale. Dereva alikuwa amezungumza naye tangu Kenol, juu ya mbegu za viazi. Wakati wa mazishi Dereva alikuwa hospitalini. Alipotoka, aliogopa kwenda kwa mjane. Kila mwaka unaopita anaogopa zaidi. Akarudi Doldol kwa dada yake.

"Unajua kwa nini nilitengeneza hiyo barabara?" akaniuliza. "Si mchezo. Nilitaka kufika hapo kwa kona nisimame. Nikaweka msalaba. Nikasema, nikipelekea watu, hata kama ni mmoja, ataniuliza hii msalaba ni ya nini. Nilikuwa nimejitayarisha kujibu. Nilikuwa hata nimeandika. Kisha ukanitoa."

Mimi nilikuwa nafikiri nimeiba sifa. Kumbe niliiba mahali mtu alikuwa ametafuta pa kuungama. Nililia mbele yake, na yeye hakunibembeleza, na ilikuwa haki yake. Nikamuuliza kama naweza kumwambia yule mama. Wateja wawili wakaja, akawahudumia. Kisha akasema, "Mwambie. Na ukimwambia, mwambie pia mahali niko."

Nilirudi kwa yule mama, palepale jikoni, masufuria yakichemka. Nilisimama mlangoni. Nikamwambia si mimi nilikumbuka bwana yake, kwamba sikuwa hata najua msalaba ni wa nini. Nikamwambia ni nani aliyeuweka.

Alipangusa mikono. Akasema, "Kwa hivyo nilishukuru mwizi."

"Ndiyo, mama."

"Toka jikoni yangu."

Nikatoka. Nilikuwa nimefika langoni pa shule nikasikia ananiita, hakuwa anapaza sauti. "Huyo dereva," akasema. "Yuko na mtu wa kumwangalia?" Nikamwambia yuko na dada. Akasema nimwandikie njia kwa karatasi, akaipokea bila kugusa mkono wangu.

Walienda, yeye na binti yake. Sikuitwa, na haikufaa niitwe. Sijui walisema nini. Najua tu kwamba baadaye nilikutana na yule mama sokoni, akanisimamisha, akaniambia, "Tumeongea. Alinieleza maneno ya mwisho ya bwana yangu. Ilikuwa viazi." Akacheka kidogo, akalia kidogo, akaendelea kununua nyanya.

Mimi niliandika kwa grupu, kwa wale wachache waliobaki, nikasema ukweli wote. Wengine walinitukana, na matusi hayo nilikuwa nimeyafundisha mwenyewe. Nilimtafuta mwalimu wa Chuka nikamwomba msamaha, akanisamehe kwa upole ulioniumiza zaidi. Nilienda redio, wakasema kile kipindi kiliisha zamani. Basi nikaona nianze na nyinyi, kwa sababu nyinyi niliwadanganya uso kwa uso.

Mtauliza kama Dereva amenisamehe. Nilimuuliza kwa simu. Akasema, "Bado sijafika hapo. Lakini kuja, ulikuja." Grupu halikufufuka. Ile barabara haifunguki kwa simu za sasa, na yeye hataki kuirekebisha. Anasema kazi yake imeisha. Mimi nilitaka sana irekebishwe, nikagundua ni ili nijisikie vizuri. Nikaacha kumwomba.

Nashukuru mke wangu, aliyeniuliza swali moja tu. Nashukuru yule mama kwa kunifukuza, maana angenichekea ningerudi kuwa vile nilikuwa. Nashukuru Dereva kwa kuniacha nisimame bila kiti. Na Mchungaji, uliyenisikiliza siku tatu kabla ya leo na hukuniambia nifupishe.

Vijana, somo langu ni fupi. Mtu akikusifu kwa kazi si yako, siku ya kwanza utahitaji maneno mawili tu: si mimi. Siku ya pili yatakuwa kumi. Mimi nilingoja, na mnaona nimechukua karibu saa nzima, na nyuso zenu siwezi kuziangalia. Kama kuna mtu hapa ana jambo kama hili, na najua si mimi pekee, usingoje kuitwa mbele. Mwenye kazi yuko hai. Yuko mahali amekaa anafanya fotokopi, anangoja mtu aje amuulize.