Mzee Giza Akabidhi Funguo za Stoo ya Lebo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtunza stoo wa hospitali yetu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Kwenye faili ana jina lake kamili. Kwetu sisi wauguzi wa wodi ya wazazi ni Mzee Giza, na ukimwita vinginevyo huenda hata asigeuke.

Jina hilo alilitafuta mwenyewe. Alianza kwa kubeba mashuka ya kufuliwa, akahamishiwa stoo, na printa za lebo zilipoletwa akakabidhiwa yeye. Lebo zile hazina wino. Maandishi hutokezwa na joto la printa. Mzee hakuchelewa kuona kwamba joto hilohilo likizidi, karatasi yote inakuwa nyeusi. Jua nalo huyapausha maandishi, na spiriti huyafuta kabisa. Basi akaziba dirisha la stoo kwa blanketi, akayaondoa maboksi kwenye ukuta unaopakana na jiko. Tulilalamika weee, tukajigonga kwenye rafu, tukamuuliza kama anafuga popo. Tuseme ukweli, alikuwa mkali. Muuguzi aliyesahau roli ya lebo juani alinuniwa wiki nzima.

Lebo ya kila mtoto mchanga aliichapa mara mbili: moja ya mkononi, nyingine ya kutunzwa kabatini ndani ya bahasha ya karatasi. Tuliona anajipa kazi tu.

Mpaka alipokuja yule baba. Binti yake wa kwanza aliishi siku mbili wodini kwetu, na hakuna aliyewahi kumpiga picha. Kilichobaki ni lebo ya mkononi, yenye uzito wake na jina walilompa. Kwa mapenzi, baba akaipeleka duka la fotokopi iwekewe plastiki, mkewe apate kuitundika ukutani. Mashine ile hubana kwa moto. Lebo ikatoka nyeusi tii. Alisimama mlangoni mwa stoo ameishika kwa mikono miwili, akisema amempoteza mwanawe mara ya pili, na kwamba hajui ataingiaje nyumbani.

Mzee Giza alifungua kabati, akatafuta bahasha, akamwekea kiganjani lebo ya pili. Ndipo akamwelekeza taratibu, kama anayemkabidhi mtoto mwenyewe: asiitie kwenye plastiki, asiianike juani, asiishike kwa mikono yenye mafuta, na ya kutundika ukutani iwe fotokopi. Baba alipoondoka, Mzee alijifungia stoo akalia. Siku hiyo hakuna aliyemtania, na tangu hapo blanketi la dirishani tulilirekebisha wenyewe kila lilipolegea.

Wiki iliyopita, mama wa mtoto yule alisikia kwamba Mzee anaondoka, akaja na lebo ile ndani ya bahasha yake. Waliifungua kivulini. Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti uzito, kisha jina, herufi zote zikiwa mahali pake. Mama alitabasamu huku machozi yanamtoka. Alisema hajawahi kumsikia mtu asiye wa nyumbani kwao akilitaja jina la mwanawe.

Mzee wetu, asante sana. Funguo tumezipokea, na blanketi halitoki dirishani. Sasa nenda kaote jua, mchana kutwa ukipenda; ulichokitunza tutakulindia sisi. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za raha.